Waya Juu ya Shamba la Wegesa

Ringwani, Serengeti
6 Februari 1994

Mjomba Maftah,

Shikamoo. Huku tupo. Mama anakusalimu sana. Goti lake la kulia bado linamtesa, amepewa dawa ya kuchua na sasa nyumba nzima inanuka kama gereji. Mvua ilinyesha mara mbili ikaona inatosha. Darasani nina watoto themanini na mmoja na madawati kumi na manne. Mkeo Bi Shamimu sijamwona tangu nilipopita kwenu Turwa mwezi wa kumi na mbili. Alinipikia vizuri, ila aliniuliza habari zako kana kwamba mimi ndiye ninayekaa na wewe.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi ya leseni Dar es Salaam imenijibu, baada ya miezi mitano. Klabu yetu ya redio za ridhaa inaweza kupewa kibali, kwa sharti moja: awepo mwangalizi mwenye leseni hai, alete chombo chake kikaguliwe na atie sahihi mbele ya mkaguzi. Mkaguzi atakuwa Musoma tarehe 27 Agosti, siku hiyo moja tu.

Wewe unajua tumebakiwa na nani. Ile klabu ya Mugumu uliyonipeleka nikiwa na miaka tisa, nimewatafuta wote kumi na tisa. Saba wamefariki, wengine wamehama. Mzee Ashrafu fundi cherehani yupo, lakini ndani ya redio yake kuku anatagia, na alinionyesha mayai kwa fahari. Kwa hiyo ni wewe.

Sitakuficha, Mjomba, nimechoka. Mkutano wa kwanza walikuja watu kumi na mmoja. Wa pili saba. Wa tatu wanne, na mmoja alikuwa anangoja mvua ipite. Nawaeleza kwamba mtu anaweza kukaa hapa Ringwani akaongea na mtu wa upande wa pili wa dunia, bila simu wala stempu, kwa betri ya gari na waya. Wananisikiliza kwa adabu, halafu wananiuliza, "Halafu?" Hiyo "halafu" sina jibu lake.

Niambie tu kama leseni yako iko hai, na kama utakuja Musoma.

Mpwa wako,
Saida


Nyangoto, machimboni
3 Machi 1994

Kwa Mwalimu Saida, mtoto wa dada yangu, akili pekee iliyobaki kwenye ukoo baada ya yangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mimi mzima, nimefunga, koo limekauka ila mkono haujafunga, kwa hiyo nitakuandikia mpaka futari. Barua yako ilikaa siku kumi na mbili kwa konda wa basi, imefika inanukia mafuta ya taa. Mwambie dada yangu goti asilichue, alitembeze. Goti ni kama mbuzi, ukilifunga mahali pamoja linapiga kelele. Mahindi ya huku yamesimama vizuri. Watu ndio hawasimami, kila mmoja yuko shimoni anatafuta dhahabu yake ya kwanza au ya mwisho.

Unaniuliza leseni! Saida, unaongea na Maftah bin Imrani, niliyeishia darasa la nne kwa sababu mwalimu aliishiwa vya kunifundisha. Nimeongea na nchi sabini na tatu. Nimeongea na nahodha wa meli ya Kinorwe aliyekuwa anaumwa jino, na wiki hiyo hiyo nikampata daktari wa meno wa Brazili, nikamwombea ushauri. Kiingereza changu ni maneno arobaini, lakini yote yanafanya kazi. Leseni iko hai kuliko mimi. Kila Januari nailipia kwanza, ndipo nanunua sukari. Muulize Shamimu, yeye ndiye anayekunywa chai.

Sasa kaa kitako. Kazi ya kutengeneza redio kaseti za wachimbaji inaniweka mjini, lakini mwezi uliopita nimefanya ya maana zaidi. Nimesimamisha nguzo mbili za mkaratusi kwenye shamba la mjane mmoja, Wegesa, karibu kabisa na maduara, yaani mashimo yao. Nikavuta waya wa eriali mita arobaini juu ya mahindi yake. Aliguna. Nikamwambia, "Mama, waya hauli mahindi." Akacheka, akaniruhusu, na uji akanipa.

Na jana, Saida, nilikuwa na watu sitini! Wewe una wanne, tena mmoja ni wa mvua. Sitini, matope mpaka kwenye kope, wamesimama chini ya waya wangu kimya. Miaka ishirini pale Tarime watu wameingia dukani kwangu kuuliza betri tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza, "Maftah, unasikia nini?" Huku wananiuliza kila siku.

Siri ni kwamba usiwafundishe fizikia. Toa spika nje, nyamaza, acha watu wasogee wenyewe. Musoma nitakuja nimepiga pasi.

Mjomba wako, Balozi wa Anga,
Maftah


Ringwani
28 Machi 1994

Mjomba,

Shikamoo. Idi imepita, tunashukuru. Mama alipika pilau, akaweka sahani yako pembeni, jioni tukaila. Goti analitembeza kama ulivyosema na sasa yanamuuma yote mawili, anakusalimu kwa maneno ambayo mwalimu hawezi kuyaandika.

Nilifuata siri yako. Nilitoa spika nje, nikanyamaza. Wakasogea kina mama waliokuwa wanatoka kisimani. Redio ikawa inakoroma na kupiga filimbi, mawimbi yalikuwa mabaya siku hiyo. Wakasikiliza na ndoo kichwani. Mmoja akauliza, "Hao watu wanaumwa nini?" Nikasema hakuna mtu hapo bado, ni anga. Akasema, "Basi anga inaumwa," wakaenda zao. Mmoja tu alirudi siku ya pili, anaitwa Regina, ana watoto sita na shamba la muhogo. Anataka kujifunza alama za Morse. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hajawahi kujua kitu ambacho mume wake hajui.

Watu sitini, Mjomba! Nimewaza jambo hilo wiki nzima. Wangapi wamejiandikisha? Ofisi inataka orodha ya majina ya watu wanaopenda fani hii katika mkoa, na yako itanisaidia sana. Wanakuuliza nini wakija? Hiyo "halafu" yao unaijibu vipi?

Bi Shamimu ameniandikia kwamba hata siku ya Idi hukuonekana Turwa.

Saida


Nyangoto
2 Mei 1994

Mwalimu wangu mkali,

Marahaba. Mimi mzima, ila kifua kidogo, vumbi la mawe linaingia mpaka kwenye chai. Huyo Regina mshike, mtu mwenye wivu wa elimu hawezi kuacha. Mwambie dada yangu sikuwahi kusomea udaktari, alijua mwenyewe. Turwa nitafika, kazi imenibana. Shamimu nimemtumia vitenge viwili na salamu.

Majina sijaandika. Kalamu iliisha wino, halafu nikaona watu wa machimboni hawapendi kuandikwa, mtu ukimwandika anadhani ni kodi. Utapata idadi badala ya majina: wiki iliyopita walifika mia moja na kidogo. Nakula kuku kila Ijumaa. Kuna tajiri mmoja wa maduara, Mseti, mtu mzito ambaye hamsalimii hata mwenyekiti. Ananiita Daktari. Anakuja mwenyewe asubuhi na stuli yake, anakaa chini ya waya, ananiambia, "Daktari, fungulia." Nafungulia. Redio ikikoroma anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesomewa wosia. Ikinyamaza anakunja uso. Nikimpata mtu wa Bulgaria akaanza kuongea, Mseti anainuka anaondoka, eti huyo anamharibia. Umewahi kuona? Watu wote wanapenda maneno, yeye anapenda kukoroma.

Kuna na kijana wake, Ryoba, mchimbaji, mcheshi sana. Siku ile ya kwanza aliniuliza mbele ya watu wote, "Mzee, kama waya huu unasikia mpaka Bulgaria, je, kilichoko hapa chini ya miguu yangu?" Nikamjibu kama ninavyojibu mimi. Watu walicheka mpaka wakashika nguzo.

Wegesa anakusalimu ingawa hakujui. Mahindi yake mwaka huu si mazuri.

Barua imekuwa ndefu, betri inangoja kupelekwa kuchajiwa. La Musoma lipo kichwani.

Maftah, Daktari wa Mawimbi


Ringwani
20 Mei 1994

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima.

Ulimjibu nini Ryoba?

Nauliza kwa sababu juzi nilikwenda Mugumu kununua chaki, nikaingia duka la Hezekia. Mteja mmoja aliyetoka Tarime akawa anasimulia kwamba Nyangoto kuna mzee ana mashine ya waya, inasikia dhahabu ikiwa bado ardhini. Watu wanachimba pale inapokoroma. Alisimulia vizuri sana. Hezekia aliniangalia, akijua wewe ni nani kwangu. Nikalipia chaki nikatoka bila kuchukua chenji.

Naweka fomu ndani ya barua hii. Soma kifungu cha nne mwenyewe: mwangalizi anathibitisha kwamba chombo chake hakijatumika kujipatia faida wala kuwadanganya watu. Mimi natia sahihi chini yako kama shahidi.

Niambie mteja yule ni mwongo, nitaamini.

Saida


Ringwani
17 Juni 1994

Mjomba,

Shikamoo. Sijajibiwa, labda konda ameikalia tena. Mama anasema ukiwa mgonjwa useme.

Regina amemaliza herufi zote. Anagonga kwa kijiko kwenye sufuria huku anasonga ugali, na binti yake mkubwa ameanza kumjibu kwa mwiko. Siku moja mumewe aliuliza wanasema nini, wakacheka, akaondoka na hasira. Wanachama wamebaki wanne, lakini sasa ni wanne wanaofika kwa wakati. Wananiuliza kila Jumamosi, "Mjomba wako anakuja Musoma?" Nasema anakuja.

Nimechoka kusema anakuja.

Saida


Nyangoto
9 Julai 1994

Saida mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili zilifika kwa wakati. Konda hana kosa.

Kesho Bulgaria wanacheza na Ujerumani kwenye Kombe la Dunia, na yule rafiki yangu wa hewani amenitafuta siku tatu nimtakie heri. Namsikia ananiita. Sijamjibu.

Nilimwambia Ryoba hivi: "Mura," ndivyo wanavyomwita mwanamume huku, "redio inayomsikia Mbulgaria akikohoa itashindwa na kitu kilicho futi thelathini chini ya soksi zako?" Ndivyo nilivyosema. Wote wakacheka isipokuwa Mseti.

Sasa sikia kitu cha kijinga. Kule maduarani wana pampu ya petroli ya kuvuta maji shimoni. Wewe unajua plagi ya petroli inapopiga cheche redio inafanya nini: kra-kra-kra. Pampu ikisogezwa karibu na waya, inakoroma zaidi. Kesho yake asubuhi pampu ilikuwa kwenye kona ya shamba la Wegesa, nikafungulia, ikakoroma. Mseti akauliza, "Hapo?" Nikanyamaza, Saida. Sikusema ndiyo. Nilinyamaza na uso wangu wa kidaktari. Wakachimba, na kwa bahati mbaya wakapata. Kidogo, kama punje za mtama, lakini wakapata. Tangu siku hiyo walipokwenda kuchimba walikwenda na pampu, na kila walipokwenda na pampu redio ilikoroma. Ningewaambiaje?

Ningewaambia. Najua. Ilikuwa neno moja tu, plagi. Lakini ningelisema, kesho yake pale chini ya waya ningebaki mimi na kuku wa Wegesa. Miaka ishirini, Saida. Hujui ilivyo kukaa na kitu kikubwa namna hiyo na hakuna anayetaka kukiona. Au labda unajua. Wewe una wanne.

Shamba la Wegesa lina mashimo kumi na moja. Alikuwa na ekari mbili. Mseti alimpa kitu kidogo kwa shimo la kwanza, yaliyofuata hakuulizwa. Anakaa kwa dada yake sasa. Anapita barabarani ananisalimia vizuri kabisa, na hiyo ndiyo inayoniua.

Wiki tatu zilizopita shimo la tisa lilimwangukia Ryoba. Tulimchimbua kwa mikono, mimi pia, nikiwa nimefika kiunoni kwake akafungua macho akasema, "Daktari, ilikoroma kabisa." Mguu umevunjika sehemu mbili. Yuko hospitali, atatembea, ila shimoni hatarudi.

Turwa siendi kwa sababu Shamimu akiniangalia atajua.

Fomu hii hapa, nimeitia sahihi. Mkaguzi wa Musoma hajui njia ya Nyangoto. Nitafunga redio kwenye gunia, nitaondoka siku ya gulio, nitakuja moja kwa moja kwako. Wewe pata kibali chako. Watu wako wanne wasilipie ulimi wangu.

Maftah


Ringwani
18 Julai 1994

Mjomba,

Shikamoo. Nimekurudishia fomu.

Nilikaa nayo siku mbili. Niliiweka ndani ya kitabu cha mahudhurio, nikawa naita majina ya watoto huku naiona. Sikuichana, maana sahihi yako ni nzuri na sijui kama nitaiona tena mahali hapo. Lakini siwezi kuandika jina langu chini yake, chini ya kifungu cha nne.

Ukiondoka na gunia siku ya gulio, Mseti atasema Daktari ameibiwa au amerogwa, na watu wataendelea kuchimba kwa Wegesa wakikumbuka redio ilipokoroma mara ya mwisho. Shimo la kumi na mbili litakuwa na mtu ndani. Wewe ndiye peke yako unayejua ni plagi. Waambie. Usimwambie mmoja pembeni, waambie wote, pale pale.

Mkaguzi akiondoka Musoma sijui atarudi lini. Niliwaambia wenzangu kwamba huenda tukakosa mwaka huu, sikuwaambia sababu. Regina alisema, "Kwani anga inakwenda wapi?" Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kulala.

Nimekuwa na hasira na wewe mpaka mama ameogopa kuniuliza. Lakini sahani yako bado anaiweka.

Saida


Nyangoto
14 Agosti 1994

Saida,

Marahaba. Mikono ina malengelenge, utasamehe mwandiko.

Nilikwenda kwa wazee, nikaomba ritongo, ule mkutano wao wa hadhara. Walidhani nataka kutangaza mshipa mpya wa dhahabu, kwa hiyo walikuja watu ambao sijawahi kuwaona, wengine kutoka ng'ambo ya mto. Nimeota maisha yangu yote kuongea na umati kama ule kuhusu redio. Nikasimama, nikasema, "Ndugu zangu, redio yangu haisikii dhahabu. Haijawahi. Inakoroma kwa sababu ya plagi ya pampu yenu. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Unajua walifanya nini? Hawakuamini! Nimedanganya miezi mitano wakaniamini, nimesema kweli dakika moja wakaniita mwongo. Mseti alisimama na stuli yake mkononi. "Daktari ameuona mshipa mkubwa," akasema, "anataka tuondoke abaki nao peke yake. Mnadhani mzee mwenye akili anaweza kujitukana hivi bure?" Watu wakaunguruma. Mimi nikaishiwa. Saida, mimi, nikaishiwa maneno!

Wegesa ndiye aliyenisaidia. Alikuwa amekaa na kina mama nyuma, akasema bila kuinuka, "Si mchukue hiyo pampu mkaiwashe mahali pengine mkaone?"

Mzee Nyangwine, aliyekuwa anaongoza, akauliza mahali gani wote wanakubali hakuna dhahabu. Wakabishana. Kila mmoja alikuwa na shaka na kila mahali, huyu anasema kwenye barabara inaweza kuwepo, yule anasema hata chini ya kanisa. Mwishowe wakakubaliana: choo cha mzee mwenyewe, maana alikichimba kwa mikono yake, futi ishirini, na angeiona. Kiko karibu na nguzo yangu ya pili.

Wakaibeba pampu vijana wanne, wakaiweka mlangoni mwa choo cha mzee. Mimi nikakataa kugusa chochote. Nikamvika Mseti mwenyewe spika za masikioni, nikamwonyesha swichi. Wakawasha pampu. Uso wa Mseti ukafunguka kama mtu aliyeona mwanawe. "Inakoroma!" akapiga kelele. "Inakoroma kuliko siku zote!"

Halafu mama mmoja akasema, "Basi mura, chimba." Saida, watu walilala chini kwa kucheka. Hata mzee Nyangwine alijifunika uso na kofia. Wakazima pampu, ikanyamaza. Wakawasha, ikakoroma. Walifanya hivyo mara sita au saba, wakibadilishana kuvaa spika, na kila aliyezivua aliniangalia mimi, si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

Mseti, aliyezivaa tena wa mwisho, hakuzirudisha. Pampu ilikuwa imezimwa, akabaki nazo masikioni, anazungusha swichi peke yake. Kisha akaniita kwa mkono. "Kuna mtu humu. Anasema nini?" Nikasikiliza. Alikuwa mzee wa Finlandi, anaita yeyote anayemsikia. Nikamtafsiria: "Anasema jina lake ni Pekka. Anasema kwake kunanyesha. Anauliza kama kuna mtu anamsikia vizuri."

"Halafu?"

"Basi. Ndiyo hivyo tu."

"Amenunua vyombo vyote hivi kusema kunanyesha?"

"Na mimi nimevinunua kumsikiliza."

Akanipa spika zangu, akachukua stuli, akaenda. Sijui kama amenielewa au amenidharau.

Wazee wameamua. Nitoe beberu mmoja kwao, na nifukie mashimo yote kumi na moja kwa mikono yangu, udongo mweusi urudi juu, Wegesa aweze kupanda mvua za mwaka ujao. Redio inakaa kwa mzee Nyangwine mpaka nimalize. Niliomba nipewe siku mbili za Musoma, niende nayo nirudi. Wakakataa. Sikubishana. Kwa hiyo tarehe 27 sitakuwepo, wala chombo hakitakuwepo. Kibali chako nimekipoteza mimi, wala sitakitafutia mzaha.

Nimeiandikia ofisi ya leseni mwenyewe, kurasa mbili, nimeeleza yote. Ukimwona mkaguzi atakuwa anajua.

Nimefukia moja. Shimo linakula udongo, huwezi kuamini. Unatupa siku nzima, ukichungulia jioni unaona kama hukuja. Ryoba ametoka hospitali, anakaa kwenye mkongojo ananihesabia mabeleshi, na kila nikipumzika ananiambia, "Daktari, endelea, inakoroma."

Maftah


Ringwani
30 Agosti 1994

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema kwa malengelenge upake mafuta ya ng'ombe, si ya taa. Bi Shamimu alikuja juzi, nikamsomea barua yako yote kwa sababu aliniamuru. Aliuliza tu ukubwa wa mashimo. Amekwisha panda basi kurudi Turwa, na kutoka huko nadhani atakufikia Nyangoto kabla ya barua hii.

Nilikwenda Musoma bila wewe. Mkaguzi ni kijana mpole mwenye mafua. Barua yako ilikuwa mezani kwake, amepigia mistari. Leseni yako imesimamishwa mwaka mmoja. Alisema ingefutwa kama wangesikia kwa mtu mwingine. Klabu haikupata kibali, kwa hiyo hatuwezi kutuma, tunaweza kusikiliza tu. Aliniuliza kama sina mtu mwingine wa kusaini mwakani. Nikamwambia ninaye mmoja na anafukia mashimo. Akaandika jina lako kwenye kitabu chake, kwa penseli.

Niliwaeleza wenzangu ukweli wote Jumapili. Nilitegemea waondoke. Badala yake Regina akauliza plagi inafanyaje hivyo, ikabidi niwachoree ubaoni, na tulikaa pale mpaka saa kumi na moja jioni wakiuliza maswali. Ndiyo mara ya kwanza hawakuniuliza ile "halafu".

Wiki ijayo shule zinafungwa siku tano. Tunakuja wote watano kwa lori la muhogo. Nyumbani kwa dada yake Wegesa nimeomba mahali pa kulala, kwa barua, amekubali. Majembe tunayo matatu. Regina anauliza kama udongo wenu ni wa kichanga au wa mfinyanzi, ili ajue kama atabeba na sururu ya mumewe. Nijibu upesi. Ukiikalia barua hii kama ulivyozikalia zile, tutafika na majembe peke yake.

Saida